Jahazi la Jumamosi: mchezo wa hadithi unaowakutanisha vijana wetu wa Muscat, Dubai, London na Unguja

Kila ukoo wetu una gurupu la WhatsApp, na magurupu yote yanafanana. Ijumaa asubuhi picha za waridi na dua. Harusi ikitokea, video hazihesabiki. Akifariki mtu, rambirambi mpaka usiku. Baada ya hapo kimya. Vijana wamo, majina yao unayaona, lakini hawaandiki kitu. Ukiwauliza wanakwambia hawana la kusema, na wala hawasemi uongo. Mtu na binamu yake waliokutana mara mbili tatu maishani, mmoja kalelewa Ruwi na mwengine London, wataanza na lipi?

Kwetu sisi kimya hicho kimevunjwa na mchezo. Si mpira wa kwenye televisheni, si karata, si ile michezo ya simu ya kupigana risasi. Ni mchezo wa kutunga hadithi kwa mdomo, watu sita, kila mmoja nyumbani kwake na simu yake, Jumamosi kwa masaa mawili. Nimeulizwa habari zake harusini na hata kwenye foleni ya supamaketi: "Nyinyi Jumamosi mnacheka nini vile?" Basi leo naeleza, na zaidi naeleza namna ya kuupanga, kwa sababu kuucheza ni rahisi. Kazi ni kuwakusanya watu.

Mchezo wenyewe asili yake si kwetu. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, na humo ikazaliwa aina nzima ya michezo ya kuigiza wahusika mezani. Vijana wengi wanaujua kwa tamthilia ya Stranger Things, iliyoanza kuonyeshwa Netflix mwaka 2016, wale watoto wanaojifungia chini ya nyumba wakitupa dadu na kupiga makelele. Hakuna ubao wa lazima, hakuna mshindi. Mtu mmoja anasimulia. Wengine kila mmoja ana mhusika wake ndani ya hadithi, na yeye ndiye anayeamua mhusika wake afanye nini. Msimulizi anasema: "Mmefika bandarini, mlinzi anataka ushuru, na pesa hamna. Mnafanyaje?" Mmoja anasema atambembeleza. Mwengine anasema atapita nyuma ya maghala. Pale penye shaka kama jambo litafaulu, dadu linaamua, na hadithi inaendelea kutoka hapo.

Ukitazama vizuri ni kule kule kutambiwa hadithi na bibi, tofauti yake ni kwamba huku mtoto ana haki ya kumkatiza bibi na kuigeuza hadithi. Ndiyo maana msimulizi wetu tunamwita mtambaji. Na kila Jumamosi tunaanza kwa "Paukwa!", wengine wanajibu mmoja mmoja "Pakawa!" Hiyo si mapambo. Ndiyo namna yetu ya kujua maiki ya nani haisikiki.

Tupo sita. Majina nayaacha, nitawaita kwa kazi zao za jahazini. Mtambaji ni mimi, niko Muscat. Serahangi ni rafiki yangu wa tangu skuli, anakaa Al Khoud. Karani ni binti ami, yuko Dubai, ana mtoto mchanga. Nahodha yuko Unguja mjini. Mpishi ni mtoto wa ami mwengine, anasoma chuo London, na Baharia ni mdogo wake wa miaka 14. Huyu wa mwisho ndiye aliyenifanya niandike.

Kwanza siku. Wengi wanaojaribu mchezo huu huvunjikia hapa, kabla hata hawajaanza. Kila wiki mtu anapiga kura kwenye gurupu, "lini mna nafasi?", wanajibu watatu, wawili wanabadilisha, mwisho haichezwi. Sisi hatupigi kura. Siku ni moja, haihami. Oman tunapumzika Ijumaa na Jumamosi. Imarati walihamia Jumamosi na Jumapili mwanzoni mwa mwaka 2022, Ijumaa wanafanya kazi nusu siku. Unguja na Uingereza nao ni Jumamosi na Jumapili. Ukizipanga zote, siku inayobaki ya pamoja ni Jumamosi peke yake, na kwa sisi wa Oman haiwezi kuwa usiku mkubwa kwa sababu Jumapili ni kazini na skuli.

Basi ni Jumamosi saa 11 jioni ya Muscat na Dubai. Unguja ni saa 10 alasiri. London ni saa 7 mchana wakati wa baridi na saa 8 wakati wa joto, maana wenzetu hubadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi na Zanzibar hatuna habari hiyo. Siku hizo mbili za mwaka lazima utume ukumbusho maalumu. Na ukituma, andika kwa saa ya Kiswahili na ya Kizungu pamoja. Baharia aliposoma "saa 11" mara ya kwanza aliingia saa tano ya asubuhi ya London, akakaa peke yake, akamwambia kaka yake kwamba watu wa Muscat hawana adabu.

Saa 11 jioni ina faida nyengine. Mwezi wa Desemba Maghrib ya Muscat huingia karibu na saa 11 na nusu. Nusu saa ya mwanzo inakuwa ya salamu, habari, nani kafanya mtihani, mtoto wa Karani kaota jino. Adhana ikilia tunaachana, tukirudi ndiyo tunacheza kwelikweli. Mwezi wa Juni Maghrib inasogea karibu saa 1, basi tunacheza moja kwa moja na adhana ndiyo inayotufungia. Hatukupanga kwa akili kubwa, imetokea tu, lakini nimeona kuwa mchezo unaofuata swala haugombani na wazee. Ramadhani hatuchezi kabisa. Kuna waliotaka baada ya tarawehe, nikasema hapana. Mwezi mmoja wa kukikosa kitu si vibaya.

La pili ni idadi. Wakiwepo watatu na mtambaji, tunacheza. Wakiwa wawili, tunapiga soga na kulala. Kanuni hii inamuondolea kila mtu dhambi ya kuwaharibia wenziwe. Mwenye udhuru haelezi sana. Mhusika wake siku hiyo "kashikwa na bahari", yuko chini anatapika, na jahazi linakwenda. Karani kwa sababu ya mtoto ameshatapika sana. Kwa ajili hiyo hiyo kila Jumamosi ina kisa chake kinachoanza na kumalizika siku ile ile. Wanaotaka hadithi ndefu ya miezi sita isiyokatika wanahitaji watu wasio na kazi wala watoto, na watu hao mimi siwajui.

Vyombo sina mengi ya kusema. Upo mtandao wa Roll20, tangu mwaka 2012, unakupa ramani, picha za wahusika na dadu zinazozunguka kwenye kioo. Mzuri kwa mwenye kompyuta. Lakini Nahodha anacheza kwa simu na kwa bando, na ramani kubwa kwenye simu ndogo ni mateso. Dubai simu za WhatsApp hazipiti, hilo kila mwenye jamaa huko analijua. Kwetu Zoom ndiyo iliyowafikia wote. Ile ya bure inakata kundi baada ya dakika 40, tunaingia tena, basi. Kamera tunazima. Kwanza inaokoa bando, pili wasichana wamestarehe nyumbani kwao hawana haja ya kujitanda kwa ajili ya mchezo, tatu hadithi inaingia vizuri zaidi usipoona sebule ya mtu. Ramani naichora kwa kalamu, naipiga picha, naitupa kwenye gurupu.

Na mlango umefungwa. Haingii mtu asiyejulikana na mzee mmoja angalau, namba ya siri haitolewi, na milango ya vyumba vya watoto inakuwa wazi. Mzazi akitaka kukaa kusikiliza, karibu. Wengi walikuja mara ya kwanza kwa wasiwasi, mara ya pili kwa kucheka.

Sasa kanuni. Vitabu vya Dungeons & Dragons ni vinene, na kuanzia Januari 2023 sehemu kubwa ya kanuni za msingi imewekwa wazi kwa mtu yeyote kuitumia bure. Lakini kwa watu wanaokutana masaa mawili sioni haja. Kuna mchezo unaitwa Lasers & Feelings, wa John Harper, wa mwaka 2013, kanuni zake zote zinaingia katika ukurasa mmoja na ni bure. Kila mhusika ana namba moja tu. Sisi tulianzia hapo, na dadu zetu za kawaida za duka la vitabu.

Halafu khalati akasikia.

Khalati ni mama wa Karani. Alikuwa anapita ukumbini, akasikia kitu kinagonga meza chumbani kwa binti yake.

"Mnacheza nini humo?"

"Hadithi, mama."

"Na hicho kinachogonga?"

"Dadu."

"Dadu katika nyumba hii siitaki."

Karani akatuletea maneno hayo Jumamosi iliyofuata. Serahangi, mtu wa kompyuta, akasema hakuna shida, tutatumia programu inayotoa namba yenyewe. Khalati akapelekewa jawabu. Akarudisha moja tu: "Mashine ikitupa dadu si dadu?"

Msomaji wa nyumba zetu anajua khalati anasimama wapi. Zipo hadithi mashuhuri za Mtume (s.a.w.) zinazokataza nardi, na wapo wanachuoni wanaopima kama kuna pesa ndani yake au hakuna. Mlango huo mimi siuingii hapa, mwenye kutaka hukumu amuulize sheikh wake. Ninachosema ni kwamba hatukubishana. Mchezo uliokuja kutuunganisha ukianza kwa kumshinda khalati, umeshafeli. Na kucheza bila dadu si jambo geni hata kwa wenyewe. Mwaka 1991 Erick Wujcik alitoa Amber, mchezo mzima wa aina hii usiokuwa na dadu hata moja.

Sisi tukachukua kete za bao. Kila mchezaji anaanza Jumamosi na kete 7, za kweli, zile komwe, au mbegu za tende kwa asiyekuwa nazo. London wanatumia maharage. Likija jambo la hatari, mtambaji anaandika kwenye daftari ugumu wake, kuanzia 1 mpaka 4, na hausemi. Mchezaji anatangaza anatoa kete ngapi. Zikifika au zikizidi, amefaulu. Zikipungua, ameshindwa, na alizotoa zimekwenda. Hakuna bahati nasibu, hakuna pesa, hakuna anayemla mwenziwe. Ni kujipima tu: dhoruba hii nitoe 3 nibaki na 1, au nitoe 2 nimuombe Mungu? Khalati aliulizwa, akasema, "Hiyo sawa, hata sisi tulikuwa tunahesabu kete."

Baadaye nikaona mabadiliko haya yametufaa kuliko dadu. Dadu linakuamulia. Kete unaamua mwenyewe na unajua umepoteza nini. Na zikikwisha lazima umuombe mwenzio akusaidie, basi watu wanaanza kusemezana.

Kabla ya safari tulikaa siku nzima ya makubaliano. Wachezaji wa huko nje nao wana desturi hii, kikao kabla ya kikao cha kwanza, mnasema nini kimo na nini hakimo. Kwetu tulisema: hakuna miungu, hakuna uchawi wa kuroga watu, majini yasikiwe tu yasionekane. Hakuna mambo ya mapenzi, maana tuna mtoto na tuna mama zetu ukumbini. Ukitoa mazimwi na wachawi kwenye mchezo huu utajiuliza kinabaki nini. Ikabaki bahari.

Safari yetu tuliiweka miaka ya 1930, jahazi linatoka Sur na tende, chumvi na papa mkavu, linashuka na kaskazi mpaka Lamu, Mombasa, Unguja, na kurudi na kusi limebeba karafuu na boriti za mikoko. Vifaa vya kutungia vipo tele. Alan Villiers, Mwaustralia, alisafiri na jahazi la Wakuwaiti msimu wa 1938 na 1939 mpaka Unguja na Rufiji, na kitabu chake cha Sons of Sindbad cha mwaka 1940 kina kila kitu: chakula, ugomvi, madeni, namna wanavyofuma na kushona. Kwa anayetaka kuona kwa macho, lipo jahazi la Sohar pale kwenye raundabauti ya Al Bustan, lililoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari na kuondoka Muscat mwaka 1980 kwenda mpaka China. Nilikwenda nikalipiga picha kila upande, nikampelekea Baharia, ajue anaposema anapanda mlingoti anapanda nini.

Hapo ndipo tulipofika kwenye lugha. Wazee wetu waliorejea Oman baada ya 1970 walikuja na Kiswahili kizima. Watoto wao wanakizungumza. Wajukuu wanakielewa na kujibu Kiarabu, na wa Uingereza wanajibu Kiingereza. Baharia akiongea na bibi kwa simu ilikuwa shikamoo, marahaba, mzima, mzima, halafu simu inarudishwa kwa mama. Hakuwa anamdharau. Aliona haya. Anajua akikosea shangazi zake watacheka, na watacheka kweli, tujisemee wenyewe. Mtoto wa nje akisema "kitabu yangu" tunaihadithia mwaka mzima.

Kanuni iliyobadilisha mambo ni moja: anayeuliza neno, anapata kete. Si anayelijua, anayeliuliza. Akitaka kusema kitu na neno hana, anasema kwa lugha yoyote aliyonayo, anauliza "inaitwaje?", wenzake wanampa, analitumia ndani ya hadithi, na kete 1 ni yake. Ghafla asiyejua ndiye tajiri. Jumamosi ya tatu Baharia alimaliza na kete 12 na sisi wote tunamkopa. Mpishi, kaka yake, akaanza kujifanya hajui maneno anayoyajua, tukamshika kwenye "sufuria".

Na maneno yenyewe yakatushinda hata sisi tunaojiona tunajua. Nanga na tanga, sawa. Upande wa mbele wa jahazi? Omo, akasema Nahodha. Wa nyuma? Tezi, au shetri. Ule mti uliolala unaofungwa tanga? Kimya. Mimi sikuwa najua, Karani hakuwa anajua. Bibi, aliyekuwa amekaa pembeni yangu na tasbihi yake, sisi tukidhani hasikilizi, akasema: "Foromali." Halafu akaendelea na tasbihi.

Jumamosi ile bibi alipata kete yake ya kwanza, kinyume na kanuni.

Wiki mbili baadaye jahazi lilifika Mombasa na kamba zimekatika na dhoruba. Nilikuwa na mafua, sauti imepotea, nikamwambia bibi anisaidie.

"Mimi sijui michezo yenu."

"Bibi, wewe una duka bandarini. Hawa wamekuja kununua kamba. Basi."

Akafikiri kidogo. "Kamba ya nazi au ya katani?"

Baharia, kwenye simu: "Ya nazi. Bei gani?"

"Kwanza salamu. Hukufunzwa?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

Tulikufa kwa kucheka, maana hakuna aliyejua anauliza mwenye duka au anauliza bibi. Baharia akajibu kwa jina la baba wa mhusika wake, akalitunga pale pale. Bibi akasema ukoo huo anaujua na wanamdai.

"Bei ni kete 3."

"Kete 3 nyingi, bibi. Punguza."

"Nipunguze nini, kwani nimeiokota?"

"Kete 1."

"Kwa kete 1 nitakupa ya kumfungia mbuzi."

Walivutana robo saa. Alimwambia duka la jirani rahisi, bibi akamwambia nenda. Alijifanya anaondoka, bibi akamwacha aondoke mpaka akarudi mwenyewe. Mwisho wakakubaliana kete 2, na bibi akamuongezea halua ya njiani kwa sababu "mtoto kakonda". Nilitazama saa yangu. Kijana ambaye kwa simu alikuwa hafikishi dakika moja na bibi yake, amezungumza naye Kiswahili dakika 15 bila kuvuta pumzi, kakosea ngeli mara chungu nzima, na hakuna aliyecheka ngeli. Tulikuwa tunacheka bei.

Siku hizi bibi akiamka Jumapili anauliza jahazi limefika wapi. Na Baharia anampigia katikati ya wiki, mwenyewe, bila kuambiwa na mama yake, kutafuta maneno ya kuja kuyauliza Jumamosi. Hiyo ni udanganyifu kikanuni, kwa sababu neno unalolijua tayari si la kulipwa. Nimeamua sioni.

Si kila Jumamosi ni kicheko. Tulipofika Unguja, na Nahodha anatueleza forodhani palivyokuwa, Baharia akauliza: "Kabla ya miaka hii majahazi yalibeba watumwa. Skuli tumesoma. Sisi tulikuwamo?" Hakuna aliyejibu mara moja. Karani akasema tuendelee na mchezo. Mimi nilisimamisha mchezo. Nilimwambia ndiyo, waliobeba walikuwepo na Waarabu wa upande wetu walikuwa miongoni mwao. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, magendo yakaendelea baharini baada ya hapo, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Nahodha akamwambia akija Unguja atampeleka Mkunazini, pale kanisa lilipojengwa juu ya soko, akaone mwenyewe. Bibi hakusema kitu.

Kesho yake mzee mmoja alinipigia, hakupendezwa. Watoto wamekuja kucheza, mambo hayo ya nini? Nilimsikiliza kwa adabu, lakini rai yangu sikuibadilisha. Mtoto wa London anaulizwa swali hilo darasani mbele ya watu, na akija kutuuliza sisi, tukimnyamazia, jawabu atalipata kwengine na litakuwa halina sisi ndani yake. Tumeongeza kwenye makubaliano yetu: jambo hilo linaulizwa na linajibiwa, lakini hakuna anayeliigiza. Mzee yule bado anamruhusu mwanawe kucheza.

Kwa anayetaka kuanzisha lake, maandalizi yangu hayazidi nusu saa. Naandika mahali, naandika mtu mmoja anayetaka kitu, naandika kwa nini hawezi kungoja. Ushuru unapandishwa kesho. Mgonjwa yuko jahazini na daktari anafunga adhuhuri. Pepo za kaskazi zinakaribia kuisha na karani wa forodha hajapiga muhuri. Vijana watakujazia yaliyobaki, na mara nyingi watakwenda pale ambapo hukuandaa kitu, ukubali tu. Alhamisi tuma ukumbusho. Jumapili mmoja wao, kwa zamu, arekodi sauti ya dakika mbili kueleza kilichotokea, kwa ajili ya waliotapika. Sauti hizo usizifute. Ninazo za tangu mwanzo, na ile ya kwanza ya Baharia ni ya Kiingereza kitupu.

Kusi sasa inavuma, jahazi linarudi Sur na boriti, na mimi nimechoka kutamba. Mtambaji wa Jumamosi ijayo ni Baharia, kaomba mwenyewe. Ramani ameshaitupa kwenye gurupu, ya kalamu ya risasi, na kisiwa kimoja pembeni hakina jina. Bibi ameivuta simu yangu karibu na miwani, akaitazama sana, akasema pale hapana kisiwa, yeye amepita. Nimemwambia Jumamosi amwambie mwenyewe.